Jicho la Pembeni

Kabla ya kukuchoma sindano ya jicho, wanakutilia tone la dawa ya ganzi. Unakaa kitini kidogo, jicho linakuwa si lako, halafu daktari anakuja na sindano yake, unaiona ikija na hujali. Mimi nimechomwa mara nyingi. Nadhani tone mojawapo lilikosa njia likateremka hadi kifuani, kwa sababu tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka sikuwa nasikia kitu moyoni. Haikuwa huzuni. Huzuni naijua, nilikuwa nayo mke wangu alipohamia Florida na muuza mashua. Hii ilikuwa kama jokofu linapozimika jikoni, ndipo unagundua kwamba siku zote lilikuwa linanguruma.

Ugonjwa wenyewe unakula kitovu cha jicho. Kile ninachokikazia macho ndicho kinachoondoka. Nikishika gazeti, neno ninalotaka kulisoma linapotea na majirani zake wanabaki wakinikodolea. Nikimtazama mtu usoni namwona masikio, nywele na kola ya shati, katikati pana ukungu wa kijivu. Daktari alisema sitapofuka kabisa. Ukungu utakaa hapo hapo katikati, pengine utapanuka. Nikamwambia sawa. Neno hilo nililitumia sana mwaka ule.

Naitwa Orrin Gadbois. Nilikuwa fundi wa kuchonga chuma kiwandani hapa Vermont mpaka kiwanda kikafungwa, na tangu ujana niko katika chama cha darubini. Hapa kwetu darubini huinunui, unaitengeneza. Kioo cha darubini yangu nilikisugua kwa mikono, kioo juu ya kioo, unga wa msasa na maji katikati, msimu mzima wa baridi. Mwili wake ni bomba pana la karatasi ngumu, lile wanalomwagia zege la nguzo. Mdomo, yaani pale ubavuni unapochomeka lenzi ya kutazamia, niliutengeneza kwa bomba la sinki la bafuni. Wote tulifanya hivyo, maana upana wake unaingiana na lenzi kama vile watengenezaji walikula njama. Ukienda dukani ukaomba bomba la sinki, muuzaji alikuuliza kama nyumbani kunavuja au unajenga darubini.

Na tuna desturi moja ambayo kila mgeni anayekuja kutazama hufundishwa kabla hata hajavua glavu. Kitu chenye mwanga hafifu hakitazamwi moja kwa moja. Katikati ya jicho ni kwa ajili ya mchana. Usiku pembeni ndiko kunakoona. Kwa hiyo unaliacha wingu la nyota mahali lilipo na kutupa jicho kando yake, nalo linajitokeza. Katika kundi la nyota la Batamaji kuna kiwingu kimoja ambacho kazi yake ni kuwafundisha watu hilo. Ukikikazia macho kinatoweka, inabaki nyota ndogo peke yake. Ukitazama kando kinarudi, cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati. Binti yangu Noelle nilimwonyesha kiwingu hicho akiwa hana hata meno ya mbele. Alisimama juu ya kreti la maziwa akiachama, huku akikipoteza na kukipata, mpaka mama yake akatoka kumchukua akalale.

Sasa dunia nzima imekuwa kiwingu kile. Lakini miezi michache baada ya sindano ya kwanza nilitoka uani jioni, nikaelekeza darubini kwa mazoea ya mkono, nikaweka jicho. Kilikuwepo. Nilikuwa nimeshapoteza bakuli la supu mezani na sura ya kasisi madhabahuni, lakini kiwingu kile kilikuwepo kizima, kwa sababu maisha yangu yote nimekitazama kwa pembeni na sehemu ya pembeni ya jicho langu ilikuwa bado nzima. Niliondoa jicho, nikalirudisha, bado kipo. Hilo ndilo lililokuwa limenibakia. Sikucheka wala sikulia, lakini kila jioni isiyo na mawingu nilitoka, nikawa nafanya hivyo kama mtu anavyokunywa dawa.

Sikumwambia mtu. Na hapo ndipo penye kisa, maana mtu akiniuliza kwa nini, jibu langu ni la aibu: walikuwa wameshakula keki. Merle Pickett, rafiki yangu wa kiwandani na mwenyekiti wa chama, alipopata habari za macho yangu alisimama mkutanoni akatangaza kwamba Orrin hataweza tena kutazama nyota. Sauti yake ilikatika. Kukawa na keki iliyochorwa Zohali, pete zake za sukari ya mipo, miti yetu ya huku yenye utomvu mtamu, watu wazima wakanishika bega mmoja mmoja. Mtu utasimamaje katikati ya keki kama ile ukasema samahanini, mimi naona? Nilikula kipande changu nikasema asanteni.

Merle akampigia simu Noelle huko Cleveland, ambako anafanya kazi ya bima. Noelle na mimi hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tu tumeacha kuzungumza, pole pole, kama njia inayoota majani. Alichukua likizo, akanunua kamera ya nyota, ya mviringo, nyekundu, haina hata mahali pa kutia jicho, na mwezi wa Oktoba majani ya mipo yakiwa yamekwisha kuanguka akaja nayo. Mpango wao ulikuwa mzuri. Kamera itafungwa kwenye darubini, waya utapita dirishani, na mimi nitakaa kitini jikoni nikizitazama nyota zangu kwenye skrini kubwa. Alinieleza hayo akiwa bado na koti mwilini. Kamera aliniwekea mapajani, ilikuwa nzito na baridi.

"Sasa hutapigwa tena na baridi, Baba," alisema. "Zitakufuata humu humu ndani."

Nikasema sawa. Skrini ndiyo kitu kibaya kuliko vyote kwa mtu wa macho yangu. Ni kama gazeti, ina mwanga mkali, unaikazia macho nayo inaondoka. Lakini alikuwa amesafiri siku nzima, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi njia yote, nami sikupata mahali pa kuanzia.

Kesho yake Merle alikuja na donati na wakaanza kubishana jinsi ya kuifunga. Kisa ni kwamba mwanga wa darubini hukutana mahali pamoja, nje kidogo ya mdomo, na pale ndipo lenzi ya kutazamia inapoukuta. Kamera ni mwili mnene, na uso wake umejificha ndani. Uisukume utakavyo, uso haufiki pale mwanga unapokutana, nyota zinabaki kama vitumbua. Niliijenga darubini ile kwa ajili ya jicho, si kwa ajili ya kamera. Noelle alikuwa amesoma njia zote. Kuna kutia lenzi ya kuongezea katikati, inayousukuma mwanga nje zaidi, lakini hapo kipande cha anga unachopata kinakuwa kidogo na kiza kinazidi. Na kuna njia ya wanaume, kama Merle alivyoiita: kukata sehemu ya chini ya bomba kiasi cha vidole vinne na kukileta kioo mbele. Angeweza kutoboa matundu mapya tu bila kukata, lakini skrubu za kunyooshea kioo zingezama ndani mkono usizifikie. Merle hapendi kitu kisichofikiwa na mkono.

Ubishi wa pili ndio ulionihusu. Kamera unaweza kuichomeka tu mdomoni kama unavyochomeka lenzi, ukaibana kwa skrubu mbili za vidole. Ukitaka unaichomoa. Au unaung'oa mdomo wa zamani, mahali pake unaweka pete ya chuma yenye hesi, ile mikato ya skrubu kwa ndani, na kamera unaikaza humo isitoke tena. Merle aliitaka pete. Alieleza kwamba kamera ya kuchomeka huinama kwa uzito wake, na ikiinama nyota za kona moja zinakuwa mayai. Noelle alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Alisema hakusafiri kutoka Cleveland kuja kumwonyesha baba yake mayai.

Wakanigeukia mimi, mwenye mali. Ningeweza kusema. Pete ikikaa, mahali pa kuweka jicho hapapo tena, na kiwingu changu kimekwenda. Nililijua hilo waziwazi, kama unavyojua sindano inakuja. Nilitazama mikono ya Merle yenye sukari ya donati na nikangoja nisikie kitu, hasira au hofu, chochote cha kunisukuma mdomo. Hakikuja.

"Mnavyoona nyinyi," nilisema.

"Huyu naye," Merle akamwambia Noelle. "Zamani ukigusa darubini yake bila kunawa mikono anakufukuza uani na ufagio. Sasa nakuja kuikata ananiambia mnavyoona nyinyi. Mzee, hata kutukana kidogo? Mimi nimezoea matusi yako, bila hayo sijui kama nimefika."

Nilimwambia ajitukane mwenyewe, yeye anajua maneno yote. Alicheka, na Noelle hakucheka.

Tena pete niliichonga mimi. Mashine yangu ya kuchongea iko chini ya nyumba, na kazi ya chuma sehemu kubwa ni masikio na vidole. Namba za kipimo nilizisoma kwa kutazama kando. Mikono ilienda yenyewe. Pete ilitoka safi, hesi zake laini, kamera ikaingia ikazunguka ikasimama bila mlio. Nikaipangusa mafuta na kitambaa, nikaipeleka juu, nikaiweka mezani mbele ya binti yangu. Fundi wa jeneza naye huchonga vizuri.

Siku zile Noelle alikuwa akinipikia. Maharage ya sukari ya mipo, nyama ya kuoka, vitu alivyokumbuka kwamba navipenda. Mezani alikaa mbele yangu, akinisimulia habari za ofisini kwake na za mwanamume mmoja aliyekuwa akienda naye ambaye haendi naye tena. Nilimsikiliza. Nilimtazama kama ninavyowatazama watu siku hizi, kwa kuweka macho kwenye sikio lake la kushoto, ili uso wake unijie kutoka upande. Ni kazi, lakini inafanyika. Nilimwona vizuri. Niliona kwamba amekonda, ana mvi mbili tatu juu ya paji. Siku ile ya Alhamisi aliposhuka asubuhi niliona macho yake yamevimba, mtu aliyekuwa akilia. Nilimwona hivyo nikammiminia kahawa.

Jumamosi mchana Merle alikuja na msumeno na miwani ya kukingia vumbi. Aliilaza darubini juu ya meza gerejini, kioo alikuwa ameshakitoa na kukifunga kwa taulo. Alitaka nije kutazama; nilisema nitakuja. Nilikaa jikoni. Noelle alikuwa anaosha vyombo, kisha akafunga bomba na kukaa kiti cha mbele yangu, mikono yake ikiwa bado na povu.

"Baba, Jumatatu naondoka," alisema. "Naomba nikuulize kitu, na usiniambie sawa."

Nilisogeza kiti mbele.

"Wiki nzima hujanitazama usoni. Hata mara moja. Naongea na wewe unatazama ukuta. Nikijaribu kusogea mbele ya macho yako unageuka. Najua sikuja miaka mingi. Kama una hasira na mimi, sema. Nitukane. Lakini usinifanye kama sipo, kwa sababu nikirudi nyumbani na hilo sitakuja tena, sitaweza."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma barua aliyoirudia mara nyingi. Mimi nilikuwa nimeweka macho kwenye sikio lake kama kawaida, na uso wake ulikuwa pale kando, wote, midomo ikitetemeka. Ndipo nilipoelewa jinsi alivyokuwa akiniona yeye. Kitu kikasogea kifuani, chini sana, kama samaki chini ya barafu.

"Sitazami ukuta," nilisema. "Natazama sikio lako."

"Sikio langu lina nini?"

"Nikikutazama usoni, uso unaondoka. Nikitazama sikio, unakuja. Umekonda, Noelle. Una mvi hapa mbele. Juzi asubuhi ulishuka umelia."

Nje msumeno ulikuwa umeanza. Karatasi ngumu haipigi kelele kubwa, ni kama mtu anapasua turubai mbali. Noelle alinyanyua mkono wenye povu akalishika sikio lake, kisha nikaona akikumbuka. Niliona uso ukikumbuka, kwa pembeni ya jicho langu, kama nilivyouona juu ya kreti la maziwa.

"Usikitazame," alisema taratibu. "Tazama kando yake, kitakuja."

"Ndiyo hivyo."

"Basi kwenye darubini." Alikuwa amesimama. "Baba. Kwenye darubini, kwa jicho. Kile cha kwenye Batamaji."

"Nakiona."

"Unakiona? Tangu lini?"

"Sijawahi kuacha kukiona. Karibu kila jioni."

"Na kwenye skrini?"

"Kwenye skrini sitaona kitu."

"Kwa nini hukusema?"

Nilitafuta. Nilitaka kumpa jibu la kweli na sikuwa na jingine. "Mlikuwa mmefurahi," nilisema. "Na mimi sikuwa nasikia kitu. Ilikuwa rahisi zaidi."

Alitoka mbio bila viatu. Nilisikia mlango wa uani ukigonga, sauti yake ikimwita Merle asimame, na kabla hajafika msumeno ukanyamaza wenyewe. Baadaye kidogo wakaja wote wawili. Merle alikuwa na vumbi la karatasi nyusini, na kile kipande cha bomba kilichokatwa amekivaa begani kama mwanamke anavyovaa mkoba. Alikuwa amekivaa ili kunichekesha, alikuwa bado hajajua, na Noelle nyuma yake ameziba mdomo kwa mikono.

Noelle akamweleza. Merle alisikiliza mpaka mwisho, akavua kipande kile begani pole pole na kukiweka juu ya meza katikati ya chumvi na siagi.

"Sisi ndio tunaowaambia watu," alisema. "Miaka yote hii. Mtoto wa shule akija, mke wa mtu akija, kasisi akija. Tazama kando, tazama kando. Mimi nimelisema hilo kuliko nilivyosali. Na wewe daktari anakwambia katikati ya jicho pamekufa, chama kizima hakuna hata mmoja aliyefikiri. Tukaagiza keki."

"Keki ilikuwa nzuri," nilisema.

"Ngoja kwanza, usinihurumie." Akavuta kiti akakaa. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Na wewe ni punda. Ungenyamaza mpaka nikaze ile pete?"

Nilimwambia nadhani ndiyo. Hakuna aliyecheka. Nilikitazama kipande cha bomba mezani, yaani nilitazama kikopo cha chumvi, na nikaona rangi nyeupe niliyoipaka mwenyewe nilipokuwa na nywele, na mkato mpya uliokuwa na manyoya ya karatasi. Samaki yule akasogea tena. Safari hii kifuani kuliuma, nikashika ukingo wa meza. Daktari wa meno angewaambia: ganzi ikianza kutoka ndipo unapojua walichokufanyia.

Maji yaliyomwagika hayazoleki, na bomba lililokatwa halirefuki. Merle alianza kutafuta la kufanya, maana hajui kukaa na jambo lisilo na spana. Kioo sasa lazima kikae mbele. Mwanga utakutana nje ya mdomo, mbali zaidi, vidole vinne. Kamera itaufikia vizuri. Lenzi ya jicho haitaufikia, itabaki nyuma. Kwa hiyo inatakiwa lenzi isogezwe nje kwa shingo ya urefu ule ule. Pete ile yenye hesi haifai, itabaki mapambo, mdomo wa zamani ubaki ulivyo. Shingo itanunuliwa. Lakini duka la vifaa hufunga Jumamosi mchana, na ya kuagiza ingefika Noelle ameshaondoka.

"Upana wake ni ule ule wa bomba la sinki?" Noelle akauliza.

"Ule ule. Baba yako huo mdomo wote..." Merle hakumaliza, kwa sababu Noelle alikuwa ameshachukua spana na ndoo na alikuwa anapanda ngazi kwenda bafuni.

Tulisikia vyuma vikigongana huko juu, neno moja ambalo sikumfundisha mimi, halafu maji yakimwagika ndani ya ndoo na mengine nje ya ndoo. Akashuka na bomba la sinki langu mkononi, la shaba iliyopakwa nikeli, limejaa nywele na sabuni ya miaka. Akaliosha jikoni kwa maji ya moto na brashi ya chupa, ndani na nje, mara mbili, akalikausha na kumpa Merle. Lilikuwa la kurefushia: upande mmoja mwembamba, mwingine umepanuliwa kupokea bomba jingine. Wakalikata kwa urefu uliotakiwa. Upande mwembamba ukaingia mdomoni, lenzi ikaingia upande mpana, ikakaa bila kucheza.

Giza la Oktoba linaingia mapema, tulikuwa hatujala hata chakula cha jioni. Merle alirudisha kioo na kukinyoosha kwa skrubu zake, akilalamika juu ya magoti. Taa zote za nyumba zikazimwa. Kamera nyekundu ilibaki jikoni ndani ya boksi lake. Batamaji alikuwa juu ya banda la jirani, nikaielekeza darubini kama siku zote, mkono ukiwa kwenye karatasi ile iliyokuwa sasa fupi na nyepesi kugeuka kuliko nilivyozoea. Nikarudi nyuma, kwa sababu lilikuwa limenijia kwamba si mimi wa kwanza.

"Wewe kwanza," nilimwambia.

Noelle akainama. Alikaa muda, nikamsikia akipumua. "Nyota tu," alisema. Kisha, "Hicho hapo." Kisha akanyamaza, na nilijua anakipoteza na kukipata. Akasimama kunipisha.

Niliweka jicho. Bomba la sinki lilikuwa baridi kwenye shavu, na lilikuwa bado linanuka sabuni yangu. Nikatupa macho pembeni, na kilikuwepo, kifungo cha shati, hakikuwa na habari na mambo yetu ya mchana. Ndipo nikalia. Nilikuwa nimekitazama hivyo mwaka mzima bila kusikia kitu na sasa niliumia kila mahali, kwa ajili ya sura ya kasisi, na bakuli la supu, na asubuhi ile niliyommiminia kahawa mtoto aliyevimba macho nisimwulize. Machozi yalifunika lenzi, sikuona tena. Noelle aliweka mkono mgongoni kwangu. Merle alikwenda kusimama kwenye kona ya banda akijifanya anatafuta kofia.

Jumapili wakaifunga kamera. Waliichomeka tu, skrubu mbili za vidole, ili kila jioni nianze mimi kwa jicho, halafu lenzi na bomba lake vitoke na kamera iingie, na picha ziende Cleveland kwenye skrini ya Noelle. Merle alimkumbusha kwamba kwa namna ile itainama.

"Acha ziwe mayai," Noelle alisema.

Sinki la bafuni bado halina bomba. Chini yake pana ndoo, na kila asubuhi nikishamaliza kunyoa naimwaga uani. Merle ameniletea bomba jipya mara mbili, nami nasahau kulifunga. Ganzi haijatoka yote. Kuna siku bado nakaa jikoni nisisikie chochote hadi jioni.

Noelle alirudi wakati wa Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nilikuwa nimeandaa meza, sahani yangu na yake, pande mbili zinazotazamana, kama tulivyozoea. Aliingia, akavua koti, akainua sahani yake, akazunguka meza nayo na kuiweka ubavuni kwangu, upande wa kushoto. Akakaa hapo. Tulikula tukiwa tumeelekea dirisha wote wawili, na mlo mzima nilimwona.